Wao Wanatujua kwa Mistari, Sisi Tunawajua kwa Majina

Ndugu zangu, najua nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa. Sikusafiri wala sikuumwa. Nilikuwa na hasira tu, na mwandishi mwenye hasira ni afadhali akae mbali na kalamu. Sasa hasira imepoa, imebaki hoja. Naomba mnisikilize mpaka mwisho, halafu mnipinge.

Mwaka 2023 niliandika habari fupi, aya sita tu, kuhusu kampuni iliyopewa zabuni ya kujenga madarasa katika halmashauri moja. Niliandika jina la kampuni, kiasi cha fedha, maneno ya ofisa mmoja, basi. Miezi kama minane baadaye nilipita eneo lile. Nilikuta msingi, nguzo nne na mbuzi wamelala kivulini. Watoto walikuwa bado wanasomea chini ya mwembe.

Nikaanza kuchimba. Nikagundua kwamba kampuni tatu zilizoshindania zabuni ile hazikuwa tatu. Mkurugenzi wa kwanza alikuwa katibu wa kampuni ya pili. Mkurugenzi wa kampuni ya tatu alikuwa shemeji yake. Yaani mtu alishindana na kivuli chake, akashinda.

Sasa hapa ndipo penye uchungu. Taarifa zote hizo tulikuwa nazo chumba cha habari kabla fedha hazijalipwa! Jina la kwanza lilikuwa kwenye daftari langu. La pili lilikuwa kwenye faili la Excel la mwenzangu wa dawati la biashara. La tatu lilikuwa kwenye habari ya zamani tuliyoichapisha sisi wenyewe, imehifadhiwa kwenye kompyuta ambayo hakuna anayeifungua. Hakuna aliyetuficha kitu. Tulijificha wenyewe.

Kila siku tunalia kwamba serikali inanyima habari. Ni kweli inanyima, sibishi. Lakini leo nasema jambo ambalo wenzangu wa kazi hawatalipenda: hata zile tulizonazo tunazihifadhi kijinga. Tunahifadhi majina, wakati rushwa haikai kwenye jina. Inakaa katikati ya jina na jina.

GRAFU NI NINI HASA?

Wataalamu wa kompyuta wana njia ya kuhifadhi data wanayoiita grafu. Ukisikia grafu usikumbuke ile ya shuleni, ya mstari unaopanda na kushuka. Hii ni nukta na mistari. Kila mtu, kampuni, anwani au akaunti ni nukta. Kila uhusiano ni mstari wenye jina lake: "mkurugenzi wa", "ameoa dada wa", "amelipwa na", "anatumia anwani ya". Ni kama wavu wa mvuvi. Mafundo ni vitu, nyuzi ni mahusiano, na kinachokamata samaki ni vyote viwili kwa pamoja. Fundo lisilo na uzi ni fundo tu.

Unadhani ni jambo geni? Nenda msibani. Kaa karibu na bibi yeyote mwenye miaka sabini. Mwambie jina lako tu, uone atakavyokuhoji. "Wewe mtoto wa nani? Yule wa Korogwe au yule aliyehamia Muheza? Basi mama yako mdogo ndiye aliyeolewa na mjomba wake huyu aliyekaa pale." Dakika mbili tu ameshakupata ulipo. Bibi hana orodha ya majina kwa mpangilio wa herufi. Ana nukta na mistari kichwani, na anatembea juu ya mistari hiyo. Sisi wasomi tukaenda chuo kikuu, tukarudi na majedwali.

Jedwali si baya. Mwaka 1970 mtaalamu wa IBM aitwaye Edgar Codd alitoa andiko lililoweka msingi wa kanzidata za majedwali, na mpaka leo benki, shule na hospitali zinaendeshwa hivyo. Ukitaka kujua jumla ya mishahara au matokeo ya mtihani, jedwali ndilo lenyewe.

Lakini uliza swali la mwandishi: "Kuna njia yoyote kutoka kwa mheshimiwa huyu mpaka kwenye kampuni hii, kupitia mtu, anwani au akaunti yoyote, hatua nne au chini ya hapo?" Kwenye majedwali itabidi uunganishe jedwali la watu na la kampuni, la kampuni na la anwani, kisha urudi tena kwa watu. Inawezekana, sikatai, ila kila hatua inazidisha mzigo, na lazima uwe umejua mapema unapitia wapi. Na wewe mwandishi kinachokusumbua ndicho hicho, hujui unapitia wapi! Kwenye grafu mstari umehifadhiwa kama kitu kamili. Unasimama kwenye nukta, unafuata nyuzi zinazotoka hapo. Hata lugha ya kuuliza imekaa kama mchoro, mabano na mishale:

(Kampuni A) —anwani→ (S.L.P.) ←anwani— (Kampuni B)

Yaani nioneshe kampuni mbili zinazochangia sanduku la posta. Mtu ambaye hajawahi kuandika programu anaielewa.

PANAMA ILITUFUNDISHA, TUKASAHAU

Aprili 3, 2016 dunia iliamka na kitu kinaitwa Panama Papers. Mimi wakati huo nilikuwa kijana tu nasubiri kuanza chuo. Nilichokumbuka ni ukubwa: nyaraka milioni 11.5, terabaiti 2.6, kutoka kampuni ya mawakili ya Mossack Fonseca. Gazeti la Ujerumani, Süddeutsche Zeitung, lilizipata, likashirikiana na ICIJ, muungano wa waandishi wa uchunguzi. Waandishi zaidi ya 370 walifanya kazi hiyo kimyakimya kwa takriban mwaka mzima.

Ambacho hatukuambiwa vya kutosha huku kwetu ni jinsi walivyosoma. Hakuna binadamu anayeweza kusoma nyaraka milioni 11.5. Walichofanya ni kuzigeuza picha za karatasi kuwa maandishi yanayotafutika, halafu wakachukua data za kampuni zaidi ya 214,000 pamoja na wamiliki, mawakala na anwani zao, wakaziweka kwenye kanzidata ya grafu iitwayo Neo4j. Juu yake wakaweka programu ya kuchora, Linkurious. Mwandishi aliandika jina, ikatokea nukta. Akabonyeza, nukta ikafunguka, zikatokea nyuzi.

Mfano mmoja unatosha. Waziri Mkuu wa Iceland, Sigmundur Davíð Gunnlaugsson. Ukimweka kwenye orodha ni mwanasiasa tu. Weka kampuni ya Wintris kwenye orodha nyingine, ni kampuni tu ya visiwani. Weka benki za Iceland zilizofilisika mwaka 2008 kwenye orodha ya tatu, ni wafilisika. Sasa chora mistari. Waziri mkuu na mkewe waliimiliki Wintris. Mwisho wa mwaka 2009 aliuza nusu yake kwa mkewe huyo huyo kwa dola moja. Wintris ilikuwa inazidai benki zile zilizofilisika. Na serikali yake ndiyo iliyokuwa inashughulikia madai ya wanaozidai benki hizo. Umeona duara linavyofunga? Hakuna nukta hata moja yenye kashfa peke yake. Kashfa ni duara. Siku mbili baada ya habari kutoka, alitangaza kuachia uwaziri mkuu.

Atatokea mtu aseme, "Dogo, hizo ni kompyuta za wazungu." Haya, tuziache kompyuta. Marekani alikuwepo msanii mmoja, Mark Lombardi, aliyefariki mwaka 2000. Huyu alikuwa anachora kwa penseli mitandao ya fedha na siasa, ukiwemo ule wa benki ya BCCI iliyoanguka mwaka 1991. Alikuwa na kadi za karatasi zipatazo 14,000, zote zimetokana na habari zilizokwisha kuchapishwa. Hakuvujishiwa hata karatasi moja. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, FBI waliomba kwenda kuuangalia mchoro wake wa BCCI ulioko kwenye jumba la sanaa la Whitney, New York. Yaani wapelelezi wa dola kubwa kuliko zote walikwenda kusoma mchoro wa penseli uliotokana na magazeti.

Magazeti, jamani. Sisi si ndiyo tunayoyatengeneza?

NA HUKU KWETU

Januari 2008, nikiwa shule ya msingi, nakumbuka wazee nyumbani wakizungumza juu ya EPA, akaunti ya madeni ya nje pale Benki Kuu. Ukaguzi ulionesha kampuni 22 zimelipwa shilingi zaidi ya bilioni 133 isivyo halali. Gavana akaondolewa. Neno EPA likawa wimbo mpaka kwa wauza kahawa. Na swali la barazani lilikuwa moja: hizi kampuni ni za nani, na huyo nani ni nani wa nani? Wauza kahawa walikuwa wanauliza swali la grafu! Walitaka mistari. Walichopewa kwa wingi ni orodha.

Leo data ni nyingi kuliko wakati ule. BRELA wanasajili kampuni kwa mtandao. Zabuni za serikali zinapita mfumo wa NeST tangu 2023. Ripoti za CAG zinasomwa Bungeni na kuwekwa kwenye tovuti. Mwaka 2020 sheria ilibadilishwa ili kampuni zitaje wamiliki manufaa, yaani binadamu halisi anayekula faida nyuma ya jina la kampuni. Hongera kwa hilo. Lakini kila data iko kwenye chumba chake na mlango wake. Rejista ya wamiliki manufaa imewekwa kwa ajili ya mamlaka maalumu. Mimi na wewe hatuingii. Kampuni unaitafuta moja moja. Ripoti ya CAG ni faili la PDF lenye mamia ya kurasa. Nukta zipo, nyuzi zimekatwa.

Na wala si ugonjwa wa Afrika peke yake. Novemba 2022 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilibatilisha kanuni iliyofungua rejista za wamiliki manufaa kwa kila mtu, ikisema inaingilia faragha. Nchi kadhaa zikafunga rejista zao haraka haraka. Unaona basi mstari mmoja tu, wa mtu na kampuni yake, unavyoogopwa?

Sasa ligeuze swali. Wewe msomaji umehifadhiwaje?

Kampuni yako ya simu inajua ulimpigia nani, saa ngapi, kwa muda gani, na yeye alimpigia nani baadaye. Tangu Mei 2019 laini zetu zilianza kusajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo nukta yako ina kidole chako. Pesa unayotuma kwa simu ni mstari kutoka kwako kwenda kwa mama. Facebook wenyewe tangu 2007 wanauita mtandao wa marafiki zako grafu ya kijamii, na ndiyo biashara yao. Google mwaka 2012 walizindua grafu yao ya maarifa, wakaanza na vitu milioni 500 na mahusiano bilioni 3.5, wakisema wameacha kutafuta maneno, wanatafuta vitu.

Kwa hiyo wenye nguvu wanatuhifadhi sisi kama wavu, na sisi tunawahifadhi wao kama orodha ya mahudhurio. Wao wakituuliza, wanapata mtu mzima na ukoo wake. Sisi tukiwauliza, tunapata jina na cheo. Halafu tunashangaa kwa nini kila kashfa inatukuta tumelala!

WANAONIPINGA

Nimeisema hoja hii kazini. Nimepingwa mara tatu, na kila pingamizi lina ukweli kidogo ndani yake.

La kwanza: hatuna fedha. Mhariri mmoja aliniambia, "Kijana, hapa hata wino wa printa tunahesabu." Naelewa. Lakini Neo4j ina toleo la bure, na hata bila hiyo unaanza na jedwali la Excel lenye safu tano tu: nani, ana uhusiano gani, na nani, tangu lini, na umejuaje. Kila mstari wa jedwali hilo ni uzi mmoja. Siku ukipata programu ya grafu unaumwaga wote mara moja. Kinachokosekana hapa ni nidhamu. Fedha ni kisingizio.

La pili: msomaji hataki mistari, anataka hadithi ya watu. Kweli kabisa. Na mimi sisemi tuchapishe utando wa buibui ukurasa wa mbele. Grafu ni ya jikoni. Msomaji anakula ugali, hali sufuria.

La tatu ndilo zito, na hapa nakiri dhambi yangu. Mwaka 2024, nikiwa nimeshalewa mistari, nilikuta kampuni kadhaa zinazotumia sanduku moja la posta. Moja ilikuwa ya ndugu wa kiongozi. Nikaandika habari kwa mbwembwe, nikaona kabisa jina langu juu ukurasa wa kwanza. Dada mmoja wa dawati la uhariri akanisogelea taratibu akaniuliza, "Mdogo wangu, hilo sanduku ni la nani?" Sikujua. Nikaenda kuuliza. Sanduku lilikuwa la ofisi ya wakili anayesajili kampuni za watu wasiojuana kabisa. Nilikuwa nimebakiza saa chache kuchafua jina la mtu asiye na kosa, na kulipeleka gazeti mahakamani.

Mstari si hatia. Hilo liandikwe ukutani. Hata huko Panama, Juni 2024 mahakama iliwaachia huru washtakiwa 28 katika kesi iliyotokana na nyaraka zile, akiwemo Jürgen Mossack mwenyewe. Kumiliki kampuni ya visiwani peke yake si kosa la jinai.

Na majina yetu ndiyo mtego mkubwa zaidi. Mohamed, Muhammad, Mohammed; Hamis, Khamis, Hamisi. Mtu mmoja anaandikwa majina mawili BRELA, matatu kwenye zabuni. Ukizidisha ulegevu unaunganisha watu wawili kuwa nukta moja, unampa fundi seremala wa Tandika dhambi za mfanyabiashara wa Masaki. Ukizidisha ukali unamgawa mtu mmoja kuwa watatu, naye anapita katikati. Kompyuta haikusaidii hapa. Inasaidia miguu: namba ya usajili, tarehe ya kuzaliwa, na kumpigia mwenyewe simu kabla hujachapisha.

Lakini je, kosa langu linathibitisha kwamba grafu ni mbaya? Hapana. Linathibitisha kwamba ile safu ya tano, "umejuaje", ni uti wa mgongo. Mstari usio na chanzo ni umbeya wenye mchoro. Kosa lile nililifanya kwa sababu niliandika "anwani moja" bila kuandika "anwani ya nani". Na zingatia jambo moja: nililigundua kwa kuongeza mstari mmoja zaidi, ule wa sanduku kwenda kwa wakili. Dawa ya mstari mbaya ilikuwa mstari mwingine.

NINACHODAI

Kwa wahariri wetu: kila habari ya kampuni, zabuni au uteuzi ikitoka, mwandishi ajaze zile safu tano kabla hajaenda kunywa chai. Faili liwe la chumba cha habari, lisiwe la mtu. Mwandishi akihama leo anaondoka na daftari lake, na miaka kumi ya nyuzi inaondoka naye. Lilindwe pia kwa nywila, kwa sababu tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na kwa sababu ya ubinadamu. Mtoto wa kiongozi aliyeko shule ya msingi hana sababu ya kuwa nukta.

Kwa serikali: tumieni namba moja ya kampuni kuanzia BRELA, kwenye zabuni, mpaka kwenye ripoti ya CAG. Namba moja tu! Na fungueni rejista ya wamiliki manufaa, walau kwa kampuni zinazolipwa kodi zetu. Anayetaka faragha kamili asiombe zabuni ya umma.

Kwa waandishi wenzangu vijana: tuache kujivunia "chanzo chetu cha ndani". Chanzo cha ndani anakupa anachotaka yeye, siku anayotaka yeye. Wavu wako mwenyewe unakuwa na subira. Uzi ulioufunga mwaka huu unaweza kukamata samaki mwaka 2031.

Mimi nimeanza. Faili langu lina mistari 412 mpaka jana usiku, na mistari 37 nimeifuta kwa sababu sikuweza kujibu swali la "umejuaje". Mstari wa kwanza kabisa unahusu zabuni ya madarasa yale. Mkurugenzi yule ameshasajili kampuni nyingine, kwa jina jipya. Safari hii nimeiona.

Watoto bado wako chini ya mwembe.

Nawasilisha.